Mfasiri Hakutajwa

Iko hadithi ambayo kila aliyekaa chuoni utotoni mwake amepata kuisikia, nayo yahesabu watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya kinywaji kimoja: anayekamua na anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba na anayebebewa, anayemimina, anayeuza, anayekula thamani yake, anayenunua na anayenunuliwa. Nimewahesabu watu hao mara nyingi kwa vidole vya mikono miwili, na kila mara vidole humalizika nisimkute mfasiri. Mtu mwenye wepesi wa roho angelishukuru na kulala. Mimi sikulala, kwani mfasiri ni mchukuzi, na mchukuzi ametajwa. Na mfasiri aliyelipwa amekula thamani, na mla thamani ametajwa pia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Hoteli moja ya upande wa mashariki wa kisiwa chetu, ambayo wageni wake wengi hutoka Ufaransa, ilitaka kijitabu cha kurasa kumi na nne kigeuzwe kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili, ili kiwafae vijana wanaopokea wageni mezani. Kijitabu kilihusu divai moja tu, nyeupe, iitwayo Muscadet, na vyakula vinavyopatana nayo. Kifaransa changu hakina cheti. Nilikichuma neno baada ya neno katika kamusi iliyokuwa haina jalada, na kwa miaka mingi nimekitumia kusomea mashairi, si mambo ya mezani. Lakini paa la nyumba lilikuwa linavuja, na kurasa kumi na nne ni kurasa kumi na nne. Nilikubali.

Neno la kwanza tu lilinisimamisha. Tuna maneno mawili kwa kitu hiki, mvinyo na divai. La kwanza tumelipata kwa Wareno, waliotuachia pia meza na leso. La pili ni la Kifaransa, nalo limekuja limebeba mkia wake: Mfaransa husema *du vin*, yaani sehemu ya mvinyo, kiasi fulani cha mvinyo, kwa kuwa lugha yake haimruhusu kuomba kinywaji bila ya kuonyesha kwamba hakiombi chote kilichopo duniani. Mapadri wa Kifaransa walioanza kazi Unguja katika miaka ya 1860, na Bagamoyo mwaka 1868, walihitaji neno kwa ajili ya ibada yao, na sikio la Mswahili likayameza maneno mawili kama moja. Kwa hivyo kila asemaye divai anasema kiasi pasi na kujua. Nimelipenda neno hilo kwa sababu hiyo, na ndilo nililolichagua, ingawa najua kwamba mapenzi ya neno si hoja.

Sasa nieleze kitu chenyewe, maana haifai kumhukumu asiyejulikana.

Divai hii hutoka karibu na mji wa Nantes, magharibi ya Ufaransa, pale mto Loire unapokaribia kuingia katika bahari ya Atlantiki. Mashamba yake yaliyo mashuhuri zaidi yako kusini-mashariki ya mji, baina ya vijito viwili, Sèvre na Maine, na majina ya vijito hivyo ndiyo yanayoandikwa katika chupa. Mzabibu wake haukuzaliwa hapo. Unaitwa Melon de Bourgogne, yaani asili yake ni Burgundy, mashariki ya nchi, ambako ulidharauliwa na kufukuzwa mashambani. Mwaka 1999 wataalamu wa nasaba za mimea walipoupima wakakuta kuwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wa Chardonnay, ule unaosifiwa dunia nzima. Ndugu mmoja amebaki kwenye jumba la ukoo. Mwengine amefukuzwa akaenda kuishi pwani. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa zaidi habari za ndugu kama hao.

Kilichompa makazi mkimbizi huyu ni baridi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1709 mizabibu ya upande ule iliungua kwa theluji na barafu, karibu yote, na wakulima walipopanda upya walichagua mti unaostahimili. Tena walikuwapo wafanyabiashara wa Kiholanzi, waliokuwa wakinunua divai nyeupe nyepesi ili waitie motoni na kuigeuza kuwa mvinyo mkali wa kusafirishia merikebuni. Hivyo kinywaji kinachoitwa leo cha watu wa nyumbani kilianza kama malighafi ya watu wa mbali.

Sifa yake ni ukali wa limau, wepesi, na harufu ndogo. Haina utamu wala majivuno. Jina lake humdanganya mgeni, kwani *muscade* kwa Kifaransa ni kungumanga, na mtu wa Unguja atatarajia harufu ya kungumanga aliyoizoea katika chai na halua, haimo. Kilicho cha pekee ni namna ya kuihifadhi. Divai nyingi, zikisha kuchachuka, huhamishwa upesi na kutengwa na hamira iliyokufa ikazama chini. Hii huachwa imelala juu ya mashapo yake majira yote ya baridi, na sheria ya mahali pale yasema isitiwe chupani kabla ya tarehe mosi Machi. Mashapo hayo huipa unene kidogo ulimini, huilinda isichakae, na huiachia mchomo mdogo wa hewa, kama wa maji ya nazi yaliyochelewa kunywewa.

Hapo penye neno hamira nilikaa siku nzima. Hamira tuitiayo katika mandazi na mkate wa kumimina ni neno la Kiarabu la shina lile lile lililozaa *khamr*, ulevi wenyewe, na maana ya shina hilo ni kufunika. Kiumbe ni kimoja na kazi ni moja: hula sukari, hutoa hewa na kileo. Katika mkate tunaitaka hewa, na kile kingine hutoweka motoni. Katika pipa wanakitaka kile kingine. Mama zetu wamefuga kiumbe hiki jikoni vizazi na vizazi, wakikifunika kwa kitambaa usiku, na asubuhi hakuna aliyeona haya.

Na siki je? Kwa Kifaransa siki ni *vinaigre*, yaani mvinyo uliochachuka zaidi. Mnazi wetu hutoa tembo, tembo likikaa huwa siki, na siki hiyo imeingia katika achari za watu wacha Mungu kabisa. Kitu kimoja kinatoka katika halali ya utomvu mtamu, kinapita katika haramu, kisha kinatokea tena upande wa pili kikiwa kitoweo kilichosifiwa. Njia yote hiyo ni siku chache tu. Sisemi haya ili kubomoa ukuta, kwani ukuta uko mahali pake na mimi niko ndani yake kwa hiari yangu. Nasema ili ionekane kwamba ukuta haukujengwa juu ya kitu. Umejengwa juu ya kitendo na wakati.

Kijitabu kikaingia katika vyakula, na hapo, lazima nikiri, kalamu yangu ilipata mbio. Chaza wa Ghuba ya Bourgneuf, wanaofugwa si mbali na mashamba hayo, waliwao wabichi pamoja na maji yao ya chumvi. Kome waliopikwa kwa divai yenyewe na vitunguu. Dagaa wakubwa waliochomwa. Kaa na kamba waliochemshwa tu, bila mambo mengi. Na samaki wa mto Loire wanaoandaliwa kwa mchuzi uitwao siagi nyeupe: vitunguu vidogo vilivyokatwa kama mchanga, siki, divai, vikachemshwa mpaka vikakaribia kukauka, kisha siagi baridi ikatiwa kipande kipande huku mkono ukikoroga bila ya kusita, mpaka ikawa kama tui zito. Wenyeji husimulia kwamba mchuzi huo ulizuka kwa mpishi mwanamke mmoja wa kandokando ya mto huo, mwishoni mwa karne ya 19. Hata kama masimulizi yameongezwa chumvi, mkono uliokoroga ni wa mpishi anayejua.

Kwa nini vitu hivi vipatane? Ukali huamsha mate na kuyakata mafuta. Chumvi ya bahari nayo huulainisha ukali. Na kitu chenye harufu ndogo hakigombani na harufu ya samaki. Divai nyekundu haipatani na samaki kwa sababu inayopimika: mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachozusha ile shombo mdomoni. Basi.

Haya yote nilikuwa nayaelewa. Nilikuwa nayaelewa kwa ulimi wangu, wala si kwa kamusi. Na huo ndio mwanzo wa mashaka yangu ya kwanza, maana sijapata kuonja tone la Muscadet wala la ndugu yake yeyote.

Nilipompelekea kijana mmoja wa mtaani petu, ambaye ni miongoni mwa waliokusudiwa kijitabu hicho, ili anisomee na kuniambia wapi Kiswahili changu kimekwenda juu mno, alisoma kwa makini hadi ukurasa wa tano, kisha akaniuliza kwa adabu:

“Maalim, unisamehe. Wewe umeionja?”

“Sijaionja, mwanangu.”

“Na mimi sijaionja. Sasa mgeni akiniuliza ikoje, nikamjibu kama ilivyoandikwa hapa, sisi wawili tutakuwa tumesema nini?”

Swali hilo ni zito kuliko lilivyotoka kinywani mwake. Ushahidi wa mtu asiyeona haukubaliwi mbele ya kadhi. Iweje ushahidi wa ulimi usioonja ukubaliwe mezani?

Jibu nililompa siku ile ni hili, na bado nalishikilia, ingawa nitaonyesha mahali linapovuja. Bamvua likikupwa, mama zetu huenda mwambani na visu vyao kubandua chaza. Tunawala kwa ndimu na pilipili. Kila mmoja wetu anajua ndimu inafanya nini pale: inaitenga chumvi na utamu vilivyokuwa vimekumbatiana ndani ya chaza, kila kimoja kikasikika peke yake. Ajuaye hilo anajua *mapatano* anayoyaeleza Mfaransa, ijapokuwa hajui mmoja wa wanaopatana. Tunayo ukwaju kwa samaki wa kuchoma, tunayo achari ya maembe mabichi kwa wali wa mafuta. Nilichokifasiri si ladha. Nilifasiri uhusiano baina ya ladha mbili, na uhusiano huo ninao nyumbani. Ndivyo tunavyofasiri mashairi pia. Hakuna mfasiri aliyepata kuionja sauti ya shairi la kigeni kama aliyenyonya lugha hiyo, lakini anajua katika lugha yake jinsi neno kali linavyolifungua neno tamu lililo jirani yake, na hiyo ndiyo anayoitafuta.

Linapovuja ni kwenye mashapo. Unene ule ulimini, na mchomo ule mdogo, sina mfano wake wa hakika. Maji ya nazi niliyoyataja hapo juu ni kubahatisha. Nilipofika hapo katika tafsiri niliandika “husemwa kwamba”, maneno ambayo hayakuwamo katika Kifaransa. Nadhani yalikuwa ya haki. Msomaji anayo haki ya kujua wapi mchukuzi amebeba mzigo uliofungwa.

Mtu aweza kuniambia kwamba nahangaika bure, kwani washairi wa Kiislamu wameimba habari za ulevi kwa miaka zaidi ya elfu. Ni kweli. Abu Nuwas aliimba, na Ibn al-Farid aliyefariki mwaka 1235 aliimba, na Shaaban Robert mwenyewe, Mwislamu asiyetiliwa shaka, alimfasiri Omar Khayyam kwa Kiswahili akipitia Kiingereza cha FitzGerald, na hakuna barazani aliyemwambia kuwa amebeba chupa. Lakini mfano huo haunifai. Katika qasida ya Ibn al-Farid ulevi ni mapenzi ya Mola, na hata Khayyam tumemsoma tukijipa ruhusa ya kudhani hivyo. Sitiari ni sitara. Kijitabu changu hakina sitara. Divai ya ukurasa wa tano ni divai, ina bei, na kijana halisi ataishika kwa mkono wa kulia na kuimimina.

Nikatafuta msaada mahali nisipopatarajia. Katikati ya mashamba ya Muscadet kuna kijiji kiitwacho Le Pallet, kimoja katika vile vitatu vya mwanzo vilivyoruhusiwa mwaka 2011 kutia jina lao maalumu katika chupa. Katika kijiji hicho alizaliwa Petro Abelardo, mwaka 1079, mwanafalsafa aliyegombana na nusu ya maulamaa wa dini yake. Katika kitabu chake cha maadili alishikilia kuwa dhambi haiko katika tamaa wala katika raha ya mwili, bali katika ridhaa ya moyo kwa kile ambacho moyo unajua hakifai. Mfano wake ni wa mtu apitaye bustanini kwa mwenyewe, akaona matunda, ulimi ukatamani, asiridhie kuchuma: huyo hana kosa. Akaongeza, na hapa alinifurahisha, kwamba kama raha ya kula ingekuwa dhambi kwa yenyewe, basi aliyeumba vyakula vyenye ladha na miili yenye kuihisi angekuwa ametutega. Msomaji wetu atasikia mwangwi wa nia, ambayo kwetu ndiyo mlango wa kila amali.

Kwa kipimo cha mtu wa Le Pallet kijana amesalimika: anabeba bila ya kuridhia kunywa. Nami nimesalimika: naeleza bila ya kuridhia. Ni kipimo chepesi kubeba. Wepesi wake ndio unaonitia hofu, kwa sababu ridhaa ina tabia ya kuingia kwa mlango wa mshahara, na mshahara hauulizi ulimi.

Nisimame hapa kidogo kuhusu Nantes, maana sitaki nionekane nimeusifu mji huo kwa chaza wake tu. Kutoka bandari hiyo ziliondoka safari zaidi ya 1,700 za kwenda kununua watu. Hakuna bandari nyengine ya Ufaransa iliyoifikia. Mwaka 2012 mji ulifungua ukumbusho kandoni mwa mto, kwenye gati iitwayo Quai de la Fosse, na vipande 2,000 vya kioo vimepachikwa chini, vingi vikiwa na majina ya merikebu. Mvinyo mkali ulikuwamo katika bidhaa zilizobadilishwa kwa watu. Lakini kilichotajirisha zaidi ni sukari. Na hapa pwani yetu inaingia bila ya kualikwa: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkataba na Mfaransa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa tunavyoviita leo Morisi na Réunion. Mkarafuu nao uliletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa hivyo hivyo, na ukapaliliwa na mikono isiyolipwa hadi utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897.

Nayasema haya kwa sababu ya sukari. Hakuna aliyewahesabu kumi wa sukari: mpandaji, mkataji, mbebaji, mla thamani. Sukari ilikuwa halali kila hatua, ikatiwa katika chai ya watu wema. Divai iliyokamuliwa na mkulima wa Le Pallet kwa mikono yake mwenyewe ni haramu kwangu, na itabaki hivyo. Ila sitathubutu tena kusema kwamba vidole vyangu kumi vimemaliza hesabu ya vitu vilivyolaaniwa vinavyopita mezani pangu.

Narudi kwenye kijitabu, kwani bado sijasema lililonifanya niandike.

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na sentensi moja isiyoeleza chochote juu ya divai wala samaki. Ilimwambia mpokezi kwamba, chupa ya kwanza ikifika robo, asingoje kuitwa. Amwendee mgeni na kumshawishi achukue ya pili kabla ya chakula kikuu. Kurasa kumi na moja nilizokwisha kuzifasiri zilikuwa za maelezo. Hii ilikuwa amri. Kueleza na kushawishi ni vitu viwili, na nilihisi kwamba hapo ndipo nilipotoka katika kuwa mchukuzi wa maneno nikawa mchukuzi wa chupa.

Mfasiri aliyefika mahali kama hapo ana njia tatu. Aweza kufasiri, akabeba dhima yake. Aweza kuirudisha kazi, pamoja na malipo ya mwanzo. Aweza kumwambia mwenye kazi waziwazi: sentensi hii siifasiri, tafuta mwengine. Mimi sikufuata hata moja. Niliiruka. Nikaunganisha aya ya juu na ya chini kwa ustadi, kwa “kadhalika” moja iliyokaa vizuri sana, na hakuna aliyegundua. Nikalipwa. Paa likatengenezwa. Usiku nililala nikijiona nimeshinda, mcha Mungu na fundi kwa pamoja.

Baada ya miezi miwili kijana yule alinijia. Alikuwa amekatwa mshahara wa siku tatu. Msimamizi wake alimwuliza kwa nini hawaendei wageni na chupa ya pili kama kijitabu kinavyoagiza. Naye, kwa kuwa ni msomaji mwangalifu, akajibu kwamba kijitabu hakiagizi hivyo, na akakileta. Msimamizi akafungua cha Kifaransa, akamwonyesha. Kijana hajui Kifaransa. Akahesabiwa kuwa mvivu, kisha akahesabiwa kuwa mbishi.

Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniuliza iwapo kweli sentensi ile imo, maana hakutaka kumdhania msimamizi uongo.

Hapo nilielewa kitu ambacho Abelardo hakunifundisha, wala vidole vyangu. Katika jambo la divai ningeweza kujitetea, vizuri au vibaya, mbele ya yeyote. Katika jambo la sentensi iliyorukwa sina utetezi. Amana ni amana hata ya maneno usiyoyapenda. Niliogopa kubeba chupa isiyokuwa yangu, nikaweka mkono katika maneno yasiyokuwa yangu. Na gharama ya taqwa yangu ikalipwa kutoka katika mfuko wa mtoto wa watu, ambaye ana mama na wadogo zake watatu. Tena nilimnyima kitu chengine ambacho ni chake kuliko changu. Nilimfanyia uamuzi wake. Kama kulikuwa na mtu aliyehitaji kuijua amri ile ili ajiulize moyoni mwake kama ataitii au la, ni yeye, si mimi niliyekaa chini ya feni na kamusi.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba heri sentensi moja ipotee kuliko mja kushawishi wengine kulewa. Nimeisikia hoja hiyo barazani, kutoka kwa mzee ninayemheshimu. Nilimuuliza, “Na kama ungekuwa wewe ndiye kijana, sheikh wangu, ungependa ujulishwe au ufichwe?” Akanyamaza akazungusha kikombe chake cha kahawa. Hakunikubalia, alinyamaza tu.

Nilimrudishia kijana mshahara wa siku tatu, akakataa mara mbili akapokea ya tatu, kama ilivyo desturi. Kisha nikaketi nikaifasiri sentensi ile, safari hii neno kwa neno, bila ya “husemwa kwamba”, nikampa katika kipande cha karatasi. Nakala nyengine nilipeleka hotelini pamoja na barua ya kukiri. Barua hiyo haijajibiwa.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akasema, “Hii, Maalim, ningeweza kuikataa mwenyewe.” Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Nilidhani ameshaaga. Lakini alikaa kwenye baraza akaniomba nimweleze tena habari za mashapo, kwa kuwa wageni huuliza sana kuhusu hayo na yeye hupenda kujibu. Mke wangu alikuwa ameleta kahawa. Nikamwonyesha kikombe chake kilichokuwa kimekaribia mwisho, nikamwambia achungulie ndani.

“Hayo hapo chini,” nikamwambia. “Ila wao hawayamwagi mapema.”